Pumzi ya Baba

Baba yangu aliacha pombe kabla sijaanza shule. Alikuwa fundi wa reli, na wenzake kila siku ya mshahara walikunywa busaa mpaka wakasahau njia ya nyumbani. Yeye aliokoka, akasimama mbele ya kanisa letu pale Makadara, akaungama yote. Tangu siku hiyo hajagusa. Baadaye wakamfanya mzee wa kanisa, akawa ndiye anayepitisha kapu la sadaka, na sidhani kuna cheo alichowahi kukipenda kama kapu lile.

Miaka kadhaa baada ya kustaafu akaanza kujigonga. Kwanza ilikuwa beseni ya nguo, halafu fremu ya mlango wa nyumba aliyoishi miaka thelathini. Majirani wakasema anaringa, eti wanamsalimia kutoka pembeni naye anapita tu. Jumapili moja alikanyaga mguu wa mama mmoja kanisani, kapu likamponyoka, sarafu zikatawanyika chini ya viti. Watu wakatazamana. Kanisani kwetu, mwanamume aliyewahi kunywa hajikwai bure. Wiki hiyohiyo wazee wenzake wakamwambia apumzike kidogo.

"Ni macho," Baba alisema.

Jioni hiyo, ili Mama ajue kwamba hakulewa, alivaa miwani yake, akafungua Biblia ya herufi ndogo na kumsomea sura nzima bila kuruka neno. Masikini Baba, alidhani anajitetea. Mama alinipigia simu huku Pipeline ninakoishi.

"Macho ni mazima, nimeyapima mwenyewe na Hesabu sura ya saba," alisema. "Kama si macho, ni nini? Kuja umnuse wewe. Mimi pua yangu imemzoea."

Nilienda. Ningependa kuandika kwamba nilikataa, lakini nilienda. Nilimkumbatia Baba mlangoni, nikasogeza uso karibu na mdomo wake, nikavuta pumzi. Chai na vitunguu. Nilipomwachilia, alinitazama moja kwa moja machoni. Jikoni nilimwambia Mama sijasikia pombe, akasema hivyo vitunguu ndivyo wanavyofichia. Nimesoma hadi chuo, nina cheti ukutani, na niliamini vitunguu.

Tuliendelea hivyo miaka miwili. Siku moja kijana wa bodaboda aliniita pale stendi, akaniambia, "Sistee, buda yako anawaka mapema siku hizi. Jana karibu nimgonge, aliingia tu mbele yangu." Niliona aibu. Nilimwomba radhi kwa niaba ya mlevi ambaye hakuwepo.

Mtaro ndio uliotuaibisha sote. Baba alitumbukia, akachubuka mguu vibaya, nikampeleka zahanati akafungwe kidonda. Muuguzi alimnyooshea dawa ya maumivu kutoka ubavuni. Baba hakuichukua. Muuguzi hakuuliza habari za pombe. Alivuta kiti wakakaa uso kwa uso, akamwambia azibe jicho moja, aitazame pua yake yeye muuguzi tu, na aseme akiona kidole kikiingia kutoka pembeni. Kidole kilianzia karibu na sikio la Baba, kikaja, kikaja. Kilikuwa kinakaribia kuigusa ile pua ndipo Baba akasema, "Sasa."

Wiki iliyofuata, kwenye hospitali ya macho, walimpima wakakuta presha ya macho. Mshipa wa nyuma ya jicho ulikuwa umekufa sehemu kubwa. Daktari alieleza kwamba ugonjwa huu mara nyingi hula pembeni kwanza na kuiacha katikati hadi mwisho, ndiyo maana mzee anaisoma Biblia lakini haoni beseni. Kilichopotea hakirudi, akasema, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki.

"Hakuwahi kuwaambia?" aliuliza.

"Alituambia," nikajibu.

Wazee wa kanisa walikuja na unga na sukari, wakaomba kwa sauti kubwa, wakanywa chai. Hakuna aliyetaja pombe wala kapu. Nina hasira nao mpaka leo, na ninaitunza hasira hiyo, kwa sababu nikiiacha nitabaki na mimi mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza nilienda kumtilia matone. Nilimketisha karibu na dirisha, nikamwambia alaze kichwa nyuma, nikainama juu ya uso wake na kile kichupa. Baba huniita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Hakufumbua macho. Alifungua mdomo wazi, akanipulizia pumzi yake yote usoni.

"Nusa kwanza, mama," akasema. "Halafu utie dawa."