Mapipa Kumi na Tano ya Bi Ethel

Kina mama wa Makote, kule juu ya mlima wa Newala, hawajui turbo ya kuipulizia injini upepo hukaa upande gani, ila kila kiangazi humwomba Mungu watu wa Masasi wazidi kuzifunga, tena kubwa kubwa. Chanzo ni fundi Nathanaeli, mzaliwa wa Lulindi mwenye gereji yake Masasi mjini. Yeye harudishi gari kwa mwenyewe mpaka alipandishe mlima wa Newala likiwa na mzigo kamili, na mzigo wake siku zote ni maji. Lita moja ni kilo moja, husema, mzani wa nini? Mapipa kumi na tano yenye koki, tani tatu kamili. Yakifika juu hushushwa uani kwa mama mkwe wake, Bi Ethel, naye huwagawia majirani kwa ndoo, maana bomba la huko likikauka hukauka kwelikweli. Gerejini wanamtania fundi kwamba bado anaposa. Yeye hucheka tu. Ana miaka ishirini na sita ya ndoa, na hadi leo akimwona mama mkwe anavua kofia.

Septemba hii alikuja Fikirini na lori lake la tani tatu. Lori hilo alilinunua kwa kuuza mikorosho yote aliyoachiwa na marehemu baba yake, kwa hiyo injini ikifa, hana mti wala tairi. Alikuwa amekwisha kufungiwa turbo kubwa kwingine, na kazi aliyoitaka kwa Nathanaeli ilikuwa moja: kompyuta ya injini ifundishwe kuitumia. Msimu wa korosho ulikuwa unabisha hodi, naye alikwisha kujigamba kijiweni kwamba mwaka huu hakuna atakayempita mlimani.

"Umelipatia gari pafu la ng'ombe," fundi alimwambia, "lakini kompyuta bado inadhani ni la mbuzi. Nitaielewesha. Ila polepole, bwana mdogo."

Na kweli alikwenda polepole. Kwanza alinakili kwenye kompyuta yake ndogo mipangilio yote iliyokuja na gari, ili wakipotea wajue njia ya kurudi. Akaufungia kipimajoto mkono wa moshi, pale moshi unapotokea kwenye injini. Akaweka kikomo cha upepo, turbo isije ikapuliza kupita uwezo wa injini. Kisha akaongeza dizeli, kidogo tu. Safari ya kwanza walipanda na maji yao, mshale wa kipimajoto ukakaa nyuzi mia sita na arobaini, na lori likajikokota. Safari ya pili akaongeza tena. Lo! Lori liliparamia mlima, Fikirini akapiga kelele za furaha dirishani, lakini mshale nao ukapanda hadi mia saba na hamsini na Nathanaeli akaondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta.

"Mwisho wetu ni mia saba," alisema. "Zaidi ya hapo, ukiwa na mzigo, pistoni zinaanza kuyeyuka. Napunguza."

Fikirini alinywea. Akabembeleza: labda kipimo kimekosea, labda jua lilizidi, wajaribu mara moja tu kwa mipangilio ileile. Nathanaeli, ambaye moyo wake ni laini kuliko anavyopenda watu wajue, akakubali. Ila mchana, akasema, na jua lilelile.

Kesho yake walisimama chini ya mlima ili fundi aunganishe kompyuta yake. Fikirini akazunguka nyuma, ati kukaza kamba, akafungua koki tano. Walipanda wakimwaga maji barabarani njia nzima, na kadiri mzigo ulivyopungua mshale ulitulia: mia saba, mia sita na tisini, mia sita na themanini. Nathanaeli alitikisa kichwa kwa mshangao. "Mwenzangu, nakuomba radhi," alisema. "Pengine nilikuwa mwoga." Walipofika, Fikirini alikuwa wa kwanza kuruka chini, na koki akazifunga.

"Shikamoo mama," fundi alisema, kofia mkononi.

"Marahaba, Baba Oliva," Bi Ethel alimwitikia kwa jina la mjukuu wake. "Karibuni."

Fundi alikaa kwenye kigoda, kompyuta magotini, tayari kuihifadhi ile mipangilio na kukabidhi gari. Bi Ethel hakuwa na habari naye. Alishika ndoo, akaenda nyuma ya lori, akafungua koki. Kimya. Akafungua ya pili. Kisha akayagonga mapipa kwa kifundo cha kidole, moja moja.

"Baba Oliva," aliita, "leo umeniletea maji au umeniletea mapipa?"

Nathanaeli akainuka, akapitisha kidole chini ya koki. Mbao za lori zilikuwa zimelowa. Alimtazama Fikirini, na Fikirini akazitazama kandambili zake. Fundi alimeza hasira zake kwa sababu ya mama mkwe. Alifunga kompyuta.

"Unamjua Salmini, anayeuza mitumba pale stendi?" aliuliza. "Alikuwa na lori kama lako. Nililipima likiwa tupu, nikampa. Kwa mzigo wa kwanza, katikati ya mlima huu, pistoni mbili ziliyeyuka. Hakunitukana. Mpaka leo ananisalimia vizuri, na salamu ile ndiyo inayoniuma. Tangu siku hiyo napanda na maji. Hukunidanganya mimi, Fikirini. Umeidanganya mikorosho ya baba yako."

Alfajiri iliyofuata Fikirini aliteremka na lori, akayajaza mapipa yote kumi na tano kwa mikono yake, akagoma kabisa kusaidiwa. Nathanaeli akapunguza dizeli, akashusha na kikomo cha upepo. Mchana wakapanda. Mwenzao mmoja wa kijiweni akawapita kwenye kona akipiga honi ya kejeli, na Fikirini akampungia mkono, macho yake hayabanduki kwenye mshale. Mia sita na themanini, mpaka juu.

Uani alishuka wa kwanza kama jana.

"Mama, naomba uanze na yale matano ya nyuma."

Bi Ethel akaanza na ya mbele, makusudi kabisa. Aligonga pipa la kwanza, akasikiliza, akasogea. Kijana wa watu alisimama amekunja mikono kama yuko mbele ya hakimu. Nathanaeli alikuwa amevua kofia, kompyuta kaishika kwapani, naye akisubiri. Bibi alipofika kwenye pipa la kumi na tano aliligonga mara mbili, akafungua koki, akajaza kikombe na kumpa Fikirini anywe.

"Yote yamejaa," alisema. "Haya, Baba Oliva, mpe mwanangu gari lake."