Maziwa ya Tinde, Kuku wa Kalangalala

Kila Jumamosi mama mkwe wangu alituma kwa basi dumu la lita tano la maziwa, kutoka kijijini kwake Tinde mpaka kwetu mjini, Kalangalala. "Ya wajukuu zangu," ndivyo alivyosema kila alipopiga simu. Yalifika yamechacha, nami nililaumu jua na mwendo wa basi. Wanangu wawili hawagusi kitu chenye uchachu. Mume wangu anakula kambini, mgodini. Mimi kikombe kimoja kinanitosha wiki nzima.

Kwa hiyo nilikuwa nayachanganya na pumba za mahindi, nawapa kuku. Walinawiri, nisiseme uongo. Matetea wangu walitaga hata wa jirani walipogoma, nikawa najisifu mtaa mzima kana kwamba nimetaga mimi. Kwenye simu nilikuwa mtu mwingine: "Asante mama, watoto wameyamaliza yote." Kwa Wasukuma kama yeye kuku hawamwagiwi maziwa, na akijua, heshima yangu kwake imekwisha.

Siku za mwizi ni arobaini. Yangu ilikuwa Jumatatu asubuhi. Mama mkwe alikuja bila taarifa, mara yake ya kwanza tangu mtoto wetu mdogo akiwa wa kubebwa mgongoni, akanikuta nimeinama uani na dumu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Alisimama akawatazama kuku mpaka wakamaliza. Mimi nikisemwa hujibu, na jibu nilishaliandaa: nani alimtuma alete mengi hivyo?

Hakunisema. Aliketi, akaomba chai. Ndipo nilipokumbuka kwamba ndani hapakuwa na tone la maziwa. Nikamwambia asubiri, nikimbie dukani nikanunue.

"Usihangaike, mayo, mama yangu. Nipe ya rangi, nimeizoea. Ng'ombe anayekamuliwa amebaki mmoja, na yeye anatoa kidogo. Nayakusanya siku nne, tano, mpaka dumu lijae."

Kumbe uchachu haukuwa wa jua wala wa basi. Niliona aibu, nikabandika birika huku nimempa mgongo ili asinione uso.

Nilipomwekea kikombe nilimwomba asitume tena, ayanywe mwenyewe. Alikoroga sukari kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nikiacha kutuma," alisema, "hawa watoto watanijua kwa kitu gani?"

Hata siku moja sikuwahi kuwaambia wanangu lile dumu linatoka kwa nani.

Saa nane watoto walirudi kutoka shuleni. Walimwamkia vizuri wote wawili, kama nilivyowafundisha. Kisha mdogo alinifuata jikoni, akanivuta khanga, akaniuliza kwa sauti ya chini yule mgeni ni nani.