Firigisi ya Baba Mkwe

Habari hii ningekufa nayo kama isingekuwa inasimuliwa tayari na watu wengine, tena kwa kuongeza chumvi. Niliporudi Mpanda mara ya pili, dereva wa bajaji ambaye sijawahi kumwona maishani alinigeukia akaniuliza kwa adabu zote kama mimi ndiye yule mama wa firigisi. Kwa hiyo sogeeni niwaambie mwenyewe, mcheke mara moja yaishe.

Chanzo ni kustaafu. Mume wangu, Baba Neema, alipoacha kazi aliingiwa na ugonjwa wa utalii. Mtu aliyekaa Tabora miaka yote akisimamia stoo, ambaye ukimwambia twende hata Urambo anasema mgongo unamuuma, ghafla akataka tuijue nchi yetu. Akanunua kofia yenye kamba ya kufungia kidevuni, suruali yenye zipu magotini (ukiifungua inageuka kaptula, na miguu yenyewe ni ile ninayoijua mimi), na darubini ambayo hakuivua shingoni hata akienda chooni. Mimi, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke ambaye shule nzima ilikuwa inanyamaza akikohoa, nikamfuata. Kubaki nyumbani maana yake ni kulea wajukuu, na watoto wangu wanazaa kama wanashindana.

Basi tukapanda treni kupitia Kaliua hadi Mpanda, yeye njia nzima anatazama mahindi ya watu kwa darubini na kuniambia ni mahindi. Tukafikia Majengo kwa Mama Zuhura, rafiki yetu wa zamani anayeuza vitenge. Jioni nikamwambia kesho tutapita Sitalike kuwaona viboko halafu tuteremke Mamba, kijiji cha huko Mpimbwe, kwa Perpetua, mwalimu mwenzangu niliyefundisha naye nikamzoea kama ndugu, ambaye siku hizi amerudi kwao Mpimbwe analima mpunga. Mama Zuhura akaniuliza kama nimempigia simu. Nikacheka. Nikamwambia rafiki wa kweli hapigiwi simu, simu wanapigiwa wadeni. Mama Zuhura akasema, "Mpigie, Mama Neema. Huku nako watu wana mambo yao." Nikamdharau. Kwa akili yangu, watu wa Mamba wangekuwa na mambo gani mimi nisipokuwepo?

Asubuhi tukakodi gari. Viboko tukawaona, kama kuona ndiyo kule: wamejazana kwenye dimbwi la tope, wamelaliana, wananyeana, na watu wazima tumesimama juani tunasema loo. Baba Neema alitaka tukae mpaka mmoja apige miayo. Alipopiga miayo yeye mwenyewe nikamrudisha kwenye gari.

Mamba tulifika mchana. Kwa Perpetua uwanja umefagiliwa mpaka unang'aa, kuna viti vimepangwa chini ya turubai, na jikoni moshi unafuka. Kabla hatujashuka vizuri wanawake wakatoka wanapiga vigelegele, wametandika vitenge chini ili tukanyage. Wote sura ngeni kwangu. Mmoja, mtu mzima wa makamo, akapiga magoti na kutusalimia akiangalia pembeni, akajitambulisha kuwa yeye ndiye shangazi, wenye nyumba wamekwenda senta mara moja kufuata soda, watarudi sasa hivi. Shangazi wa nani, sikuuliza. Mtu mwenye akili angejiuliza Perpetua amejuaje kama tunakuja. Mimi nilijiambia kwamba Mama Zuhura atakuwa ameshindwa kujizuia akapiga simu mwenyewe, na kwamba hatimaye nimefika mahali ambapo mwalimu mkuu anapewa heshima yake.

Wakatuketisha ndani kwenye makochi yenye vitambaa vipya. Kule, na hata kwetu, mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Shangazi alituuliza tu habari za safari, na Baba Neema akamjibu kwa kirefu habari za viboko, jinsi tulivyosimama kuwaangalia, jinsi alivyomngoja mmoja apige miayo. Niliona wale wanawake wanatazamana. Nikadhani wanavutiwa.

Chakula kikaletwa. Wali wa Mamba ule, unanukia mpaka barabarani, na jogoo mzima amekatwakatwa ndani ya bakuli lenye mfuniko, na juu kabisa, peke yake, imewekwa firigisi. Nadhani hakuna asiyejua kwamba firigisi ni ya baba. Kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni, firigisi ndiyo inayosema nani mkubwa. Ikikosekana, mgeni ametukanwa na kuku mzima haliki tena. Nimeolewa nikiwa msichana, nimepika firigisi sina idadi, na sijaonja hata moja. Nikamtazama mume wangu na kofia yake, kamba imemkaba kidevu, ananyoosha mkono kama mtu anayechukua kitu chake stoo. Kitu kikanipanda. Nikaiwahi.

Nikamwambia, "Leo nakula mimi. Wewe itazame kwa darubini."

Nikaitia mdomoni. Shangazi alikuwa mlangoni ameshika birika la maji ya kunawa. Alinitazama nikitafuna, akaweka birika chini polepole, akaondoka. Jikoni kukasikika minong'ono, kisha kicheko kimoja cha msichana kikakatizwa. Mimi natafuna tu, tena kwa maringo.

Sijamaliza hata kutafuta kijiti cha meno nikasikia magari. Nikachungulia dirishani nikitegemea kumwona Perpetua peke yake. Nikamwona Perpetua na mumewe wamevaa nguo za kanisani, wanaongoza wazee wa Kisukuma, bila shaka wamekutana nao senta, wanaume kwa wanawake, mbele yao mzee mmoja mrefu mwenye koti na fimbo. Perpetua akaingia, akatuona. Akaona bakuli. Uso wake sitausahau, maana haukufurahi hata kidogo. Ndipo nikaelewa, jamani, kwa kuchelewa kama kawaida ya sisi wenye akili nyingi: ilikuwa siku ya wakwe. Adela, binti yake wa mwisho, alikuwa anaposwa na ukoo wa wafugaji wa kule bondeni, baba mkubwa wa kijana, ndiye baba mkwe mwenyewe, alikuwa anakuja kwa mara ya kwanza, na mashangazi waliotoka vijiji vya mbali wasiojua sura ya mtu walikuwa wameambiwa tu wampokee mzee na mkewe watakaoshuka kwenye gari.

Ningeweza kusema palepale. Sikusema. Tulibanwa pembeni kwenye mkeka na wageni wapya wakakaa kwenye makochi yetu, na jikoni wakafanya walichoweza: wakajazia mchuzi, wakapanga vipande upya, wakafunika. Yule mzee akanawa, akafunua bakuli. Akageuza kipande kimoja. Akageuza kingine. Akafunika tena kwa utulivu, akafuta vidole.

"Kuku wa huku," akasema, "siku hizi wanaishi bila firigisi?"

Mume wa Perpetua alikuwa ameinama kama anatafuta sindano. Mzee akasema kwamba yeye hana neno, lakini amezoea kuelewa anachoambiwa, na hapa ameambiwa kwamba ukoo wake haukuhitajika, kwa hiyo wataomba njia. Akashika fimbo yake akasimama. Wenzake nao wakaanza kuinuka. Nyuma ya pazia nikamsikia Adela analia, na sasa hakuwa mtoto niliyekuwa namfunga viatu shuleni, alikuwa mwanamke anayeiona ndoa yake ikiondoka kwa sababu ya kitu kilichokuwa tumboni mwangu.

Niliona aibu, tena aibu ya kweli, ile ya kupanda mpaka masikioni. Nilitegemea Baba Neema aseme neno la kiume, aseme amekula yeye, maana hata ingekuwa uongo ingekuwa rahisi kidogo. Huyo mwanaume niliyemzalia watoto akanyoosha kidole, darubini inaning'inia, akasema, "Amekula huyu."

Nyumba nzima ikanigeukia. Mwanamke. Mgeni asiyealikwa. Perpetua akanitazama na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Neema, simu yako imekufa?"

Nikapiga magoti. Mimi, ambaye wakaguzi wa elimu walikuwa wanabisha hodi kwangu kwa woga, nilipiga magoti mbele ya mzee nisiyemjua jina nikaeleza yote: viboko, vitenge nilivyokanyaga, makochi, na firigisi niliyoila kwa jeuri tu kwa sababu nimechoka kuipika. Nikasema kosa ni langu, nyumba hii haina kosa, na binti huyu ndiye asiye na kosa kuliko wote.

Mzee aliegesha fimbo yake ukutani. Kisha akaketi. Akasema kwao aliyekula firigisi ndiye mkubwa wa msafara, na mkubwa wa msafara ndiye anayesema, kwa hiyo leo yeye amekuwa mfuasi tu. Akaegemea kochi akafumba macho. "Sema sasa," akaniambia. "Utuombee mke."

Basi nikaposa. Nikiwa nimepiga magoti, mchuzi umenikaukia mkononi, nikamposea kijana ambaye sijawahi kumwona, kwa rafiki yangu mwenyewe, ng'ombe nikiwaahidi kwa niaba ya watu wenye ng'ombe, na kila nikikwama wale wazee wanakohoa nyuma yangu kama darasa linalomcheka mwalimu. Perpetua alinifanya nirudie mara kwa mara. Anasema hakusikia vizuri. Alisikia vizuri sana.

Adela aliolewa. Harusini (tulialikwa, kwa maandishi, na chini ya kadi Perpetua ameandika kwa mkono wake: mpige simu kabla ya kuja) yule mzee aliagiza sahani iletwe mbele ya watu wote, imefunikwa kwa kitambaa cheupe, na aliyeibeba alikuwa bibi harusi mwenyewe. Ndani mlikuwa na firigisi za kuku wote waliochinjwa siku ile. Watu wakashangilia mpaka turubai likatikisika. Adela akainama akaninong'oneza, "Mama, siku ile jikoni nilicheka kwa furaha. Nilidhani naolewa mahali ambapo wanawake wanakula firigisi." Nikamwambia achukue moja. Akachukua mbili, mbele ya baba mkwe wake, na mzee akatazama pembeni.

Siku hizi napiga simu hata nikienda kwa mdogo wangu mtaa wa pili, nikifika getini napiga tena. Darubini nimeificha, Baba Neema anaitafuta mpaka leo, na aendelee kuitafuta. Firigisi nampikia kama zamani, naiweka juu kabisa, na yeye anaila bila kunitazama usoni. Ila nyie ni watu wangu na siwezi kuwadanganya: ile ya Mamba, iliyonipigisha magoti, haikuwa hata imeiva.