Msimamizi wa Mama Yake

Niliombwa kuandika mihtasari ya baraza la wazee wa kanisa kwa sababu moja tu: nilijua kupiga taipu. Nilikuwa karani katika ofisi ya pamba mjini Shinyanga, na mashine ya kanisa ilikuwa imekaa kabatini tangu katibu wa zamani alipohamia Tabora. Sikuwa mzee wa kanisa na sikuwa na kura. Nilikaa kwenye kona ya meza, nikaandika nani kasema nini, na Jumatatu nikachapa nakala mbili.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati wa foleni za sabuni na sukari. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemzika mume wangu. Silitaji hilo ili nihurumiwe. Nalitaja kwa sababu linaeleza kidogo namna nilivyokuwa nikisikia mambo siku zile. Niliyasikia yote, sawasawa, kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Kila mwaka, wiki chache kabla ya Pasaka, wazee waligawana mitaa wakaenda wawili wawili nyumba kwa nyumba, kujua nani yuko tayari kwa Meza ya Bwana. Maswali yalikuwa matatu, na kila mtu aliyajua. Una ugomvi na jirani? Unakunywa gongo? Unaishi na nani? Watu walijibu wakiwa wamesimama mlangoni, wazee wakasali, wakaendelea na nyumba inayofuata. Mvua ndiyo iliyofanya mwaka ule wazee waingie ndani kwa mwalimu wa kwaya.

Mwalimu wa kwaya alikaa mtaa wa Kambarage, nyumba ya vyumba viwili. Kazi yake ya mshahara ilikuwa stesheni, karani wa mizigo. Umri wake ulikaribia arobaini na hakuwa ameoa. Wazee walikuwa wamemtafutia mchumba mara tatu, na mara zote tatu alishukuru, akaomba apewe muda. Alikuwa akiishi na mwanamume kutoka Geita, mchimbaji wa dhahabu aliyeumia mgongo pale duara, yaani shimo lao la kuchimbia, lilipomwangukia. Mtu huyo hakuwa amebatizwa. Alishona viatu kibarazani, akisalimia wapita njia. Watu walimwita mgeni wa mwalimu. Alikuwa mgeni wa mwaka wa nne.

Wazee wale wawili walikaribishwa, wakakaa, wakanywa chai ya rangi isiyo na sukari. Chumba cha kwanza kilikuwa na meza, vitabu vya nyimbo na ngozi za viatu. Pazia la chumba cha pili lilikuwa limefungwa juu kwa sababu bati lilivuja na ndoo ilikuwa imewekwa katikati. Waliona kitanda kimoja.

Kitanda kimoja hakikuwa habari. Vijana wa stesheni walilala watatu kwenye kitanda cha futi tatu na nusu, na kaka zangu walilala hivyo mpaka walipooa. Kama mwalimu angesema mgeni ni binamu yake, wazee wangemaliza chai, wakasali na kuondoka.

Mmoja wa wazee hao aliwahi kuwa mlinzi wa lango kwenye mgodi wa almasi Mwadui, na bado aliuliza maswali kama yuko langoni. Alitusimulia mwenyewe barazani.

"Nikamuuliza, huyu ni ndugu yako? Akasema hapana. Nikamuuliza, ni mpangaji wako? Akasema hapana. Nikamwambia, basi mwalimu, nisaidie, niandike nani? Akaniambia, mzee, kitanda umekiona, usiniulize mara mbili."

"Wewe ulizoea kupekua watu mifuko," alisema mama mzee, mwanamke pekee katika baraza. "Sasa umeanza vitanda."

Wengine walicheka kidogo. Mlinzi hakucheka.

"Mama, mimi nilikwenda kunywa chai. Pazia sikulifunga juu mimi."

Hapo nieleze kilichokuwa kikingoja. Mama yake mwalimu aliishi kijijini Didia, mjane, mkulima, mwenye ng'ombe wachache. Maisha yake yote alikuwa amewatambikia wazee wake na hakutaka kusikia habari za kanisa. Katika miaka miwili ya mwisho mwanawe alikuwa akienda kila Jumamosi, akimfundisha katekisimu kwa kuimba, kwa kuwa mama hakujua kusoma. Akakubali kubatizwa. Kwetu mtu mzima anayebatizwa lazima awe na msimamizi, mshiriki asiye na doa, anayesimama nyuma yake na kumwekea mkono begani. Bibi huyo alimwambia mchungaji, mimi nikiwa mtafsiri, maana mchungaji alikuwa mtu wa Kilimanjaro na Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu: "Nitabatizwa akinisimamia mwanangu. Mtu mwingine sitaki." Miguu yake ilikuwa imevimba na pumzi zilikuwa fupi. Hakuna aliyedhani angefika Pasaka nyingine.

Mwalimu akitengwa, asingeweza kumsimamia. Baraza halikuwa na jambo jingine mezani Jumamosi ile, ingawa lilizunguka sana.

Mzee kijana, aliyetoka chuo cha Biblia, alisoma waraka wa Paulo kwa Warumi, sauti ikiwa thabiti. Alisema kanisa likinyamaza hapa halitakuwa na mdomo wa kumkemea mlevi.

"Walevi tunao," alisema mama mzee. "Na wenye wake wawili tunao."

"Wenye wake wawili hawapewi kikombe, mama. Wanakaa nyuma."

"Wanakaa nyuma. Wakiwaoza binti zao, wewe unakaa mbele, kwenye nyama."

Mzee mwingine, mwenye duka karibu na soko, alisema jambo hili si la kwetu, limekuja na watu wa pwani.

"Mwalimu amezaliwa Didia," mama mzee akamjibu. "Pwani ameiona lini? Na hao wa pwani unaowasema ndio wanaokuuzia khanga."

"Kwa hiyo mama unatetea?"

"Sitetei. Sijui la kusema. Nauliza tu kwa nini leo tumefungua Biblia haraka hivi."

Niliandika: Mama mzee aliuliza swali. Mchungaji aliniangalia nikiandika, akasema mengine si lazima yaandikwe.

Kulikuwa na utaratibu wa zamani kwa dhambi za mwili. Waliotenda walisimama wote wawili mbele ya ushirika Jumapili, wakaungama, wakapewa mkono, na yakaisha. Mmoja peke yake hakupokelewa, kwa sababu zamani wanaume walikuwa wakija kuungama na kuwaacha wanawake wabebe aibu. Utaratibu ule ulikuwa mzuri. Sasa wazee waliusoma, wakaona wamekwama. Mwenzake mwalimu hakuwa mshiriki. Kanisa lisingeweza kumwita asimame. Na hata angekubali, nani alitaka kuwaona wanaume wawili wamesimama pale, na mchungaji akitaja mbele ya watoto wanachoungama?

Mlinzi wa Mwadui alisema sheria ni wawili. Kama wawili hawapatikani, basi atengwe mpaka wapatikane.

Mchungaji alikuwa mtu mpole na mchovu. Alipendekeza njia. Mwalimu aitwe, aseme mbele ya baraza tu kwamba mgeni ataondoka kabla ya Pasaka. Hakuna kusimama, hakuna kutangaza. Atamsimamia mama yake na jambo litafungwa. Hata mlinzi alikubali, kwa shingo upande. Niliona mabega ya watu yakishuka.

Mwalimu alikuwa nje, kwenye kivuli cha ukuta, akisahihisha noti za wimbo wa Pasaka. Aliingia, akaamkia wote, shikamooni, akakaa alipoonyeshwa. Mchungaji alimweleza taratibu, akirudia mara mbili kwamba hakuna atakayejua.

"Namshukuru mchungaji," alisema mwalimu. "Nashukuru wazee. Aende wapi?"

"Kwao Geita."

"Kwao Geita hakuna mtu. Na mgongo ule haupandi lori."

"Basi apangishwe chumba. Kanisa linaweza kumtafutia."

Mwalimu aliangalia karatasi zake. "Chumba si tatizo, mchungaji. Nikisema anaondoka, nitakuwa nimesema uongo mbele yenu. Atahamia mtaa wa pili na mimi nitakwenda huko."

Mzee kijana alimuuliza kwa upole, na naamini upole wake ulikuwa wa kweli, kama alikuwa amesali juu ya jambo hili.

"Miaka ishirini," alisema mwalimu.

Mwenye duka akasema, "Mwalimu, mfikirie mama."

"Namfikiria."

"Bibi amesema pasipo wewe habatizwi. Roho ya mama yako iko mkononi mwako."

"Iko mkononi mwangu tu?" Aliuliza bila ukali. "Nyinyi mko tisa."

Mlinzi alimuuliza, kwa mara ya mwisho, mtu yule ni nani kwake, ili karani aandike. Mwalimu akanigeukia, kana kwamba ni mimi niliyeuliza.

"Andika ni mtu wangu wa nyumbani."

Niliandika hivyo. Alipotoka kura ilipigwa. Mikono mitano ilitaka atengwe, mitatu ikapinga, na mzee mmoja hakunyoosha popote. Mkono wa mama mzee ulikuwa kati ya mitatu. Alisema hajui kama anafanya vizuri, na kwamba niandike pia kwamba hajui.

Mwalimu yule ndiye aliyeongoza nyimbo kwenye mazishi ya mume wangu. Alikuja na kwaya nzima, wakakaa siku mbili. Nilikumbuka hayo wakati wa kura. Nilikumbuka kwamba ni kweli yalitokea, basi. Kisha mchungaji akasema bibi atahitaji msimamizi mwingine, na kwa kuwa ananifahamu, na najua Kisukuma, wazee wanaonaje. Wazee waliona vizuri. Nami nilisema sawa.

Jumatatu nilichapa muhtasari. Jumanne mwalimu alikuja ofisini kwangu kuchukua barua ya kutengwa. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara mbili.

"Umechapa vizuri," alisema. "Mama nitazungumza naye mwenyewe."

"Umwambie nini?"

"Kwamba nitakuwepo kanisani. Hilo ni kweli. Nitakaa nyuma."

"Ukimwambia hivyo tu atadhani unamsimamia."

"Atadhani," alisema.

Siku ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka madirishani. Kwaya iliongozwa na msichana wa sauti ya kwanza, ikaanza chini mno, ikabidi ianze upya. Bibi aliletwa kwa gari la mtu wa Didia, amevaa kitambaa cheupe kichwani, ameshikiliwa na wajukuu wawili. Mwalimu alikuwa benchi la mwisho, pamoja na wenye wake wawili na msichana aliyezalia nyumbani kwao. Mtu wake wa nyumbani hakuja. Niliambiwa baadaye kwamba alikuwa amekaa nje ya uzio, juu ya jiwe, akisikiliza.

Walikuwa wakibatizwa watu kumi na mmoja, na bibi alikuwa wa mwisho. Nilisimama nyuma yake. Bega lake lilikuwa na joto. Mchungaji alimuuliza maswali ya imani, nikatafsiri, naye akajibu yote kwa kuyaimba kwa sauti ndogo, kama alivyofundishwa. Watu walitabasamu. Kisha mchungaji akauliza, kama ilivyoandikwa kwenye kitabu chake, ni nani anamsimamia mama huyu.

Swali lile kwa kawaida hujibiwa na msimamizi. Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini bibi alielewa Kiswahili kiasi hicho, akageuka, akautoa mkono wangu begani kwa adabu, akatafuta kwa macho mpaka akampata.

Akasema kwa Kisukuma, "Mwanangu yule pale. Mwiteni aje."

Alisema kwa sauti. Kanisa zima lilikuwa la Wasukuma, isipokuwa watu wachache wa stesheni na mchungaji. Wazee waliokaa mbele walisikia. Mlinzi alitazama viatu vyake. Mama mzee alinitazama mimi. Nyuma kabisa mwalimu hakusimama. Aliitikia kwa kichwa kumwambia mama yake ndiyo, ndiyo, kama mtu anayemhimiza mtoto anywe dawa.

Mchungaji alinigeukia. "Anasemaje?"

Katika miezi yote niliyoandika kwenye meza ile sikuwa nimebadilisha neno la mtu. Nilijua nikitafsiri alichosema bibi, mchungaji atafunga kitabu, kwa sababu mtu asiyemkubali msimamizi wake habatizwi, na bibi atarudi Didia alivyokuja.

"Anasema ni mimi," nilisema.

Mchungaji aliwatazama watu, kama alivyofanya kwa kila mmoja, kungoja kama kuna mwenye pingamizi. Kanisa zima la watu waliosikia lilikaa kimya, hata mlinzi, hata mzee kijana na Warumi wake. Niliurudisha mkono wangu begani. Safari hii bibi hakuuondoa. Alikuwa bado anamwangalia mwanawe, naye akiendelea kuitikia kwa kichwa, mpaka bibi akainama mwenyewe kwenye maji.

Baada ya ibada watu walipanga mstari nje kupeana mikono. Waliotengwa walipita mwisho. Mwalimu alinishika mkono kama alivyomshika kila mtu, si kwa nguvu, si kwa ulegevu.

"Umemtafsiri mama vizuri," alisema.

Nilimjibu si kitu. Kisha nikaingia ofisi ya kanisa, kwa sababu kitabu cha ubatizo kilipaswa kujazwa siku ileile, na kwenye nafasi ya msimamizi nikaandika jina langu.