Arlys Ajifunza Kurudi Nyuma

Norbert Hruska aliendesha malori ya nafaka na ng'ombe mpaka hakukuwa na mkahawa wa barabarani Nebraska ambao wahudumu wake hawakumjua kwa jina. Mkewe Arlys, miaka yote hiyo, alikuwa akiwapikia watoto wa shule, na safari zake zilikuwa za kutoka nyumbani kwenda jikoni na kurudi. Mume akiingia, alivua buti na kuanza kusimulia milima ya Wyoming yenye theluji mwezi wa sita, naye Arlys akimsikiliza huku akimenya viazi.

"Tukistaafu nitakupeleka," Norbert alikuwa akiahidi.

Wakastaafu. Kabla hawajafunga hata begi, macho ya Norbert yakaharibika. Kisukari kilikuwa kimemla kimyakimya, na daktari akamkataza kushika usukani. Basi mzee akawa mtu wa kibarazani, akisikiliza magari yanayopita na kuyakosoa kwa mlio tu: "Huyo gia zake zinaumwa. Huyo hajabadilisha oili tangu azaliwe."

Arlys alivumilia majira yote ya baridi. Theluji ilipoyeyuka aliona tangazo kwenye dirisha la duka la mbegu: Verlin Koch, mgane wa shamba la jirani, alikuwa anauza trela lake la kulala. Akaenda bila kumwambia mtu.

Verlin alimwonyesha kila kitu: taa zinawaka, jiko la gesi linashika, jokofu linapoza. Arlys akavua viatu, akapita na soksi zake pembe zote akikandamiza sakafu kwa kisigino. Karibu na mlango pakabonyea.

"Hapa pameoza, Verlin."

"Aa, pamelainika tu."

"Hata mimi nimelainika, lakini sijitangazi kuwa mpya."

Verlin akacheka mpaka akakohoa. Akapunguza bei, akaahidi kuja mwenyewe na mbao apazibe. Aliomba jambo moja tu: yale mapazia ya maua ya alizeti aliyashona marehemu mkewe, yasitupwe. Arlys akasema hayatatupwa.

Trela lilipofika uani, Norbert alilipapasa kutoka mbele hadi nyuma. Kisha akauliza, "Nani ataliendesha?"

"Unaongea naye."

"We Arlys! Hata toroli la bustani halijawahi kukutii."

"Ndiyo maana nimeolewa na mwalimu. Panda."

Wakalifunga nyuma ya pikapu yao, wakaenda kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, ambao wakati huo ulikuwa mtupu. Kwenda mbele hakukuwa na shida. Shida ilikuwa rivasi. Arlys akikata kulia, trela linakwenda kushoto; akilifuata kushoto, linajikunja kama kiwiko.

"Kata kulia! Nimesema kulia!"

"Si nimekata kulia! Lenyewe ndilo linakwenda kushoto!"

"Sasa unaegesha au unakoroga uji?"

Kukasikika kishindo, kisha kitu kikabingirika.

"Hilo lilikuwa pipa au mtu?" Norbert akauliza.

"Pipa."

"Basi endelea."

Lakini kelele zilipozidi, Arlys alizima pikapu. "Norbert, watoto wa shule nzima wamenipigia kelele kila mchana, na wote niliwalisha. Lakini sijawahi kufundishwa kitu kwa kelele."

Mzee alipofungua mdomo tena, sauti yake ilikuwa nyingine kabisa.

"Shika usukani kwa chini, hapo usawa wa kitovu. Unakotaka makalio ya trela yaende, peleka mkono huko huko. Polepole, kama unamvusha bibi barabara."

Arlys akajaribu. Trela likatii. Akarudia, likatii tena. Kabla jua halijazama, alikuwa analiingiza katikati ya mapipa mawili bila kuyagusa, na Norbert alikuwa anapiga dashibodi kwa furaha.

Mwezi wa sita wakaondoka kuelekea magharibi. Kambi yao ya kwanza ilikuwa kando ya ziwa, na waliotangulia walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja. Walipoona mwanamke kwenye usukani, mazungumzo yote yakakatika. Mwanamume mmoja wa Kansas, mwenye kofia na kitambi, akasogea dirishani.

"Mama, nipe funguo nikuegeshee. Naona mzee amechoka."

Arlys alihisi masikio yanawaka. Kabla hajajibu, Norbert akateremsha kioo cha upande wake.

"Asante, kijana. Dereva ni huyu. Ukitaka kusaidia, simama pale umwangalizie matawi."

Kijana mwenyewe alikuwa na mvi. Akaenda kusimama.

Mara ya kwanza liliingia mshazari. Arlys akalivuta mbele, akashika usukani kwa chini, akarudi polepole. Likaingia sawasawa. Watu wakapiga makofi.

Kwa kiburi cha ushindi, alilifungua trela kutoka kwenye pikapu na kusahau kuteremsha jeki za kona, ile miguu inayolizuia lisiyumbe. Norbert akaenda kujilaza kitanda cha nyuma. Trela likabinuka, makabati yakafunguka, na sinia la mikate iliyojazwa nyama na kabichi likateleza mpaka miguuni pake.

"Arlys! Tunazama?"

Arlys alikuwa amekaa sakafuni, hoi kwa kicheko. Mtu wa Kansas alikuja mbio na jeki yake, akaliinua trela, akateremsha zile za kona, akapewa mkate.

Asubuhi mke wa yule mtu wa Kansas alikuja kugonga mlango. "Naitwa Twyla," alisema, akimchungulia mumewe kwa mbali. "Miaka yote hii hajanipa usukani hata siku moja. Unaweza kunionyesha ule mkono wa chini?"

Arlys alipogeuka kumuuliza Norbert, mzee tayari alikuwa anapapasa akitafuta kofia yake.

Wyoming walifika wamechelewa wiki nzima. Kila asubuhi Twyla alikuwa amebakiwa na kona moja tu ya kujifunza, na Norbert hakukubali mwanafunzi wake aachwe njiani.