Vebena ya Kaburini kwa Beno

Harufu ya maji ya kuoshea vyombo yakimwagwa kwenye udongo mkavu hunirudisha Newala mpaka leo, na mnisamehe, hunitoa machozi.

Kwetu maji yalifuatwa bondeni alfajiri, yakapandishwa mlima kichwani. Yaliyoosha mchele yaliosha vyombo, na yaliyoosha vyombo Mama aliipelekea vebena yake, ua dogo la zambarau linalotambaa, ambalo mbegu yake aliipata kwa mke wa mwalimu wa misheni, Masasi. Aliipanda kuzunguka kaburi la mdogo wangu Beno, aliyefariki kabla hajaota hata jino. Majirani walimtania kwamba Mama Sesi ananywesha maua watu wakiwa na kiu. Alicheka nao, akaendelea.

Kisha tukaambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa. Tulipewa mwezi mmoja. Milango na miti ya nyumba ingepakiwa kwenye lori, kaburi lingebaki. Mama akatoboa kopo la maziwa, akalijaza udongo wa pale pale kaburini, akalaza humo tawi moja la vebena bila kulikata, akalibana kwa kijiti. Shina hakutaka kuling'oa, libaki na mtoto. Alinieleza kwamba tawi likilala udongoni huota mizizi yake, ila lataka muda.

Nilikuwa na miaka minane na kimbelembele cha kutosha. Wiki mbili baadaye lori lilibeba majirani, nami nikadhani kesho ni zamu yetu. Mama akiwa bondeni, nililikata lile tawi kwa kisu cha kumenyea muhogo, nikalifunga kopo kamba vizuri, nikakaa kusubiri sifa.

Aliporudi tawi lilikuwa limelegea. Alitua ndoo, akalivuta taratibu. Likatoka lote, halina mzizi hata mmoja. Zamu yetu ilikuwa bado siku kumi, chache mno kwa tawi jingine.

"Lilikuwa bado linanyonya, mwanangu," alisema.

Hakunipiga. Heri angenipiga.

Kopo alilipakia hivyo hivyo na udongo wake, na kule kijijini alilimwagilia kila jioni. Watoto wenzangu walinicheka kwamba mama yangu anamwagilia kopo tupu, nami nikamwonea haya, Mungu anisamehe.

Miaka mingi ilipita, nami nikazika mtoto wangu, ndipo nikaelewa. Ule ulikuwa udongo wa Beno, na Mama hakuweza kumwacha na kiu.