Mlango Uliofunikwa Mkeka

Niliitua ndoo polepole maji yasimwagike, maana bombani nilikuwa nimepanga foleni tangu alfajiri, kisha ndipo nikaiacha hasira ipande. Chumba changu hakikuwa na mlango. Kitanda, chandarua, nepi za mtoto kwenye kamba, vyote vilionekana kutoka ukumbini kama bidhaa za duka. Mlango wenyewe ulikuwa umeegemezwa ukutani kule uani, umefunikwa mkeka usiloe mvua, na takataka zote za mbao zilikuwa zimefagiliwa. Kule kufagia ndiko kulikonimaliza.

Likoni ya miaka ile, mwenye nyumba aliyejiona muungwana hakumtupia mpangaji vyombo nje. Kutupa vyombo ni kuvunjiana heshima mbele ya majirani. Aling'oa mlango tu, akakusalimu vizuri, akakuacha uelewe mwenyewe. Wapangaji wa vyumba viwili vya mbele walikuwa wameshaelewa. Walifunga virago kimya, mmoja akaaga, mwingine hata kuaga hakuaga.

Mwenye nyumba alikuwa barazani na kikombe chake cha kahawa tungu. Alikuwa mtoto wa kiume wa pekee wa Bibi aliyetupangisha. Alirudi kutoka Uarabuni baada ya Bibi kufariki, akaona vyumba vya mbele vinafaa kuwa maduka na chumba changu kinafaa kuwa stoo.

"Salaam alaykum, dada," akasema.

"Mlango wangu uko wapi?"

"Mlango wangu," akanisahihisha, taratibu. "Nyumba yangu, mlango wangu. Nilikwambia utafute mahali."

"Nami nikakwambia uniandikie notisi."

Akacheka, si kwa ubaya. "Notisi? Kwani mamangu alikuandikia karatasi ulipoingia?"

Hapo alinishika. Hakuniandikia.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, nimetoka Changamwe kwenye nyumba za wafanyakazi, ambako kila mlango ulikuwa na namba na usiku kucha malori ya mafuta yalitikisa vikombe kabatini. Mume wangu alikuwa dereva wa malori hayohayo, leo yuko, wiki nzima hayuko. Siku tuliyohamia Likoni alimwomba Bibi risiti. Bibi akaacha kukunja tambuu yake, akamtazama.

"Mwanangu, wanitaka risiti? Kwani hapa ni dukani?"

Mume wangu akaona haya mpaka masikio. Bibi akatuletea mbaazi na mahamri, na habari ya karatasi ikaishia hapo.

Siwezi kusema tulikosea kumwamini, kwa sababu sijawahi tena kukaa mahali kama pale. Asubuhi niliamshwa na mlio wa mbuzi, Bibi akikuna nazi uani. Nikichelewa kutoka alinigongea mlango kwa mwiko: "We mwanamke, jua lakutafuta." Nami nikaitika "Abee" kabla macho hayajafunguka. Alhamisi jioni nyumba nzima ilinuka udi, hata mimi wa kanisani nikawa nalala na harufu hiyo kwenye nywele. Mwanangu alipozaliwa, Bibi ndiye aliyemkanda kwa mafuta, akimkaripia kama mtu mzima: "Nyosha mguu, mvivu wee."

Na mlango ule aliutia rangi ya samawati kwa mkono wake, mtoto asije kuzaliwa chumba kikiwa cha giza. Chini ulikuwa umeliwa na mchwa. Ukitaka kuufunga lazima uunyanyue kwa goti. Wallahi, mpaka leo nikifunga mlango goti langu linapanda lenyewe.

Sasa mimi pia napangisha, vyumba viwili Kisauni. Anayeingia namwandikia mkataba, nikimtaka aondoke namwandikia notisi, halafu namuuliza kama amekula. Karatasi nilifunzwa na mtoto wa Bibi, chakula nilifunzwa na mama yake.

Siku ile sikufunga virago. Jirani yangu wa chumba cha uani, mama muuza viazi karai, alileta leso zake mbili akazitundika mlangoni pangu. "Akizing'oa na hizi," akasema kwa sauti ya kufika barazani, "tutajua alikwenda Uarabuni kufunzwa kuvua wanawake nguo." Barazani kikombe kikawekwa chini kwa kishindo.

Bawaba moja ilikuwa imebaki ikining'inia kwenye fremu. Niliing'oa kwa kisu, nikaifunga kwenye pindo la leso, nikambeba mwanangu, nikavuka feri hadi ofisi ya baraza la kodi za nyumba.

Karani aliniuliza mkataba. Sina. Risiti? Sina. Nikaanza kufungua pindo. Akatazama huku na huku, akidhani namtolea chai. Ilipoanguka bawaba mezani alirudisha mkono haraka.

"Hii ni nini, mama?"

"Ndiyo notisi niliyopewa."

Nikamweleza yote, mpaka takataka za mbao zilivyofagiliwa. Kisha akaniambia kwamba hata makubaliano ya mdomo ni upangaji, na mwenye nyumba hawezi kumtoa mtu bila amri ya baraza, hata akifagia vipi. Akanisogezea fomu na kalamu.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, sikuhitaji mtu wa kuniandikia. Mwanangu akivuta kalamu, niliandika:

*Mwenye nyumba ameng'oa mlango wa chumba changu bila notisi na bila amri, nami nina mtoto mchanga. Naomba azuiwe kunitoa. Naomba mlango urudishwe. Ni wa rangi ya samawati na chini umeliwa na mchwa.*

Karani akasoma juu ya bega langu. "Hayo ya mchwa hayana haja."

"Yana haja," nikamwambia. "Asije akaniletea mwingine." Nikatia sahihi.